Ndege ikilalia bawa angani, mbona maji kwenye chupa hayalali?

#1 Mwana_Ntyuka

Mbukwenyi wadau.

Juzi nimepanda ndege kutoka hapa Dodoma kwenda Dar, kiti cha dirishani kushoto. Tumeruka, hata dakika mbili hazijapita, rubani akailaza ndege upande wangu. Dirishani sioni tena mbingu, ni mabati ya nyumba na ile miamba yetu tu, kana kwamba mji umeegemezwa ukutani. Mkononi nilikuwa na chupa ya maji ya nusu lita, nimeshainywa hadi katikati. Nikaikodolea macho nikingoja maji yapande upande mmoja, kama unavyoinamisha chupa mezani. Hayakupanda. Yalikaa sambamba na kitako cha chupa, na chupa nimeishika kufuata mgongo wa kiti.

Mzee niliyekaa naye akaniambia: "Kijana, ndege inakata kona kwa usukani wa mkia, kama mtumbwi. Kulala ni kusaidia tu." Nikaitikia kwa heshima, lakini sijashawishika. Kama ni usukani wa mkia, maji si yangerushwa nje ya kona kama chai ndani ya daladala? Wenye ujuzi naomba mnieleze: nini hasa kinaipindisha ndege, na kwa nini maji hayakujua kwamba tumelala?

#2 Boda_AreaD

Mkuu hilo mbona jepesi. Boda ikiingia kipilefti kwa kasi lazima uilaze, usipoilaza inakutupa nje. Abiria akilala pamoja nawe hasikii kitu. Akikaa wima kama mlingoti ndiyo mnakwenda chini wote. Ndege ni boda yenye mabawa.

#3 Ticha_Kikuyu

#2 umefika mlangoni, bado kuingia. Boda inasukumwa kuingia kona na msuguano wa tairi na lami. Angani lami hakuna. Kitu pekee chenye nguvu kubwa ya kuivuta ndege ni bawa lenyewe.

Shika hili moja: bawa halivuti kuelekea mbinguni, linavuta kuelekea darini mwa ndege. Ndege ikiwa sawa, dari na mbingu ni upande mmoja, kwa hiyo nguvu yote inabeba uzito. Ikilala kushoto, ile nguvu nayo inalala kushoto. Sehemu yake bado inabeba uzito, sehemu nyingine inaivuta ndege pembeni, na huko kuvutwa pembeni mfululizo ndiyo kona.

Kwa kuwa sehemu ya nguvu imekwenda pembeni, iliyobaki ya kubeba uzito inapungua, ndege itaanza kushuka. Rubani anavuta pua juu kidogo ili bawa lifanye kazi zaidi. Ndiyo maana abiria anahisi kukandamizwa kitini. Ndege ikilala nyuzi 30 bila kushuka, mtu wa kilo 70 anajisikia kama kilo 81 hivi.

Chupa sasa. Maji yanavutwa na dunia kwenda chini, na chupa inayasukuma yafuate kona. Kona ikikatwa kwa kipimo kinachostahili ule mlalo, jumla ya msukumo unaoyafikia maji inapita sawasawa kutoka sakafuni kwenda darini. Kwa maji, "juu" ni darini. Kwa makalio yako pia. Macho yako ndiyo pekee yaliyoshikilia habari ya mabati.

#4 Kibaigwa_Mahindi

Ticha leo umeshusha bila chaki. Ila nyuzi 45 nasikia uzito unakuwa mara mbili, kweli?

#5 Ticha_Kikuyu

Hapana, mara mbili ni nyuzi 60. Kwa 45 ni mara 1.41. Ndege za abiria kwa kawaida hazivuki nyuzi 30, na mara nyingi ni 25, hata kama kwako dirishani ilionekana kama ukuta.

#6 Injinia_Nkuhungu

Mimi nitaeleza kwa namna nyingine, na naona ndiyo nyepesi. Ukiwa ndani ya ndege inayozunguka, kuna kani inayokutupa nje ya kona. Hiyo ikijumlishwa na uzito wako, jumla inaelekea sakafuni. Kwisha. Hakuna haja ya kusema maji "yanafuata kona".

#7 Ticha_Kikuyu

Mkuu, hiyo kani ya kutupa nje nani anaitoa? Kila kani ina mwenyewe. Nionyeshe mwenyewe.

#8 Injinia_Nkuhungu

Mwenyewe ni kwamba umechagua kupimia mambo ukiwa ndani ya kitu kinachopinda. Hesabu inatoka ileile. Rubani yuko ndani, hayuko chini pamoja nawe, mwache ahesabu kwa alichokikalia.

#9 Boda_AreaD

Hawa wawili wakikutana kijiweni patakesha.

#10 Futi_Elfu_Nne

Habari wakuu. Nina saa chache za kurusha ndege ndogo ya viti vinne, bado mwanafunzi, lakini nimekaa na kitu mnachokijadili mbele ya macho.

Yule mzee wa #1 hakukosea kabisa, amegeuza tu mambo. Ndege inapinda kwa kulala. Usukani wa mkia kazi yake ni kuweka pua na mkia kwenye mstari wa kona. Bila huo, ndege inaweza kulala kushoto huku pua inatazama kulia. Ndiyo kona isiyo na mizani, na hapo chupa yako ingekushitaki.

Mbele ya rubani kuna kikioo cha bomba lililopinda kama ndizi, ncha zimeelekea juu, ndani mna kimiminika na kagololi keusi. Katikati pana mistari miwili iliyosimama. Gololi ikikaa kati ya mistari, kona iko sawa. Hakina umeme wala betri.

Kona yangu ya kwanza niliigeuza stelingi kushoto, miguu nimeikunja chini ya kiti kama niko kwenye gari. Bawa la kushoto likashuka, vizuri. Lakini pua ikaanza kwenda kulia! Gololi ikateremka kushoto hadi nje ya mistari, na mwili wangu ukaegemea mlango wa kushoto. Mwalimu hakunifokea, alisema maneno mawili: "Kanyaga gololi." Maana yake, gololi ikiwa kushoto, kanyaga pedali ya kushoto. Nikakanyaga, pua ikarudi, gololi ikapanda taratibu ikakaa kati, na bega likaachana na mlango. Toka siku hiyo naamini kiti kinapima kabla ya macho.

#11 Mwana_Ntyuka

Asante sana #3 na #10. Sasa hapo penye pua kwenda kulia ndipo nimekwama. Umegeuza kushoto, kwa nini iende kulia?

#12 Futi_Elfu_Nne

Nchani mwa kila bawa, upande wa nyuma, kuna kipande kinachocheza juu na chini, kinaitwa eleroni. Ukilaza kushoto, cha kushoto kinanyanyuka na cha kulia kinashuka. Kilichoshuka kinalifanya bawa la kulia liinue zaidi, na hewani hakuna cha bure: linaloinua zaidi linakokotwa zaidi. Kwa hiyo bawa la kulia linapanda huku linabaki nyuma, na pua inavutwa upande wake.

#13 Injinia_Nkuhungu

Hiyo ni nusu. Bawa linalopanda linakutana na hewa kama inayotoka juu, linaloshuka linakutana na hewa kama inayotoka chini. Kwa hiyo nguvu ya linalopanda inaelemea nyuma na ya linaloshuka inaelemea mbele. Tofauti hiyo peke yake inatosha kupindisha pua hata ukisahau habari ya kukokotwa.

#14 Futi_Elfu_Nne

Lakini ndege nyingi zimeundwa eleroni inayopanda ipande sana kuliko ile inayoshuka inavyoshuka, ili kusawazisha kukokotwa. Kama kukokotwa si chanzo, kwa nini waundaji wahangaike nako?

#15 Injinia_Nkuhungu

Kwa sababu hicho ndicho wanachoweza kukirekebisha. Huwezi kulizuia bawa linalopanda lisipande.

#16 Kibaigwa_Mahindi

Hapo Injinia kampiga chenga.

#17 Ticha_Kikuyu

Yote mawili yapo, na kipi kinazidi inategemea ndege na kasi yake ya kujilaza. Niongeze historia, maana wengi wanadhani jambo hili liligunduliwa kwenye vitabu. Wilbur na Orville Wright waliliona mchangani kabla hawajafunga injini yoyote. Mwaka 1901 kitelezi chao, yaani ndege isiyo na injini, kikilazwa upande mmoja kilikuwa wakati mwingine kinageukia upande wa pili. Mwaka 1902 wakaweka mkia wa kusimama usiocheza, balaa likazidi, wakitua ncha ya bawa inachimba mchanga. Wakaufanya mkia ucheze, tena wakauunga na kamba za kupinda mabawa. Kile kitelezi cha 1902 ndicho cha kwanza kilichokata kona kwa mizani. Injini ilikuja mwaka uliofuata, 1903. Mimi naona kona ndiyo ilikuwa ngumu kuliko kuruka.

#18 Mama_Dagaa_Majengo

Samahanini nami nichangie. Sina fizikia, nina dagaa. Soko la Majengo mwewe wananisumbua kila siku, kwa hiyo kuwatazama ni kazi yangu. Mnasema bila usukani wa mkia uliosimama kona inaharibika. Mwewe ana mkia gani uliosimama? Wake umelala kama upepeo! Na kona anazokata kati ya vibanda hakuna ndege ya chuma itazikata. Nieleweshwe.

#19 Boda_AreaD

Mama kauliza swali la kufunga uzi.

#20 Futi_Elfu_Nne

Mama shikamoo. Mtazame vizuri: mwewe anapokata kona mkia wake anaupinda, upande mmoja unashuka na mwingine unapanda, kama mtu anavyogeuza kiganja. Mkia uliolala ukipindwa hivyo unasukuma hewa pembeni pia. Anafanya kazi ya pedali bila kuwa nazo.

#21 Mama_Dagaa_Majengo

Marahaba. Hilo la kupinda nimeliona mara nyingi kabla hajashuka. Lakini njiwa na kunguru mbona siwaoni wakipinda mkia hivyo, na kona wanakata?

#22 Injinia_Nkuhungu

Mama yuko sahihi. Ile ndege ya kivita ya Marekani, B-2, haina mkia kabisa, inatumia vipande vya nchani mwa mabawa vinavyofunguka kama mdomo ili kukokota upande mmoja. Na NASA walirusha vitelezi visivyo na mkia, mradi wa PRANDTL-D, wakifuata hesabu aliyoichapisha mwanasayansi Mjerumani Ludwig Prandtl mwaka 1933: bawa likisokotwa ili ncha zisibebe sana, kulilaza kushoto kunaipeleka pua kushoto lenyewe. Wanaamini ndege wa kweli ndivyo walivyo. Kwa hiyo huenda mkia wa kusimama ni dawa ya ugonjwa tuliojitengenezea wenyewe kwa umbo la mabawa yetu.

#23 Ticha_Kikuyu

"Huenda". Ndege wa kweli ana misuli na mishipa ya fahamu inayorekebisha mara nyingi kwa sekunde moja. Haihitaji kuwa na mizani ya kujengwa ikiwa anaweza kujirekebisha muda wote. Mama, mimi siamini jibu la mwewe limeshapatikana.

#24 Zuzu_Stesheni

Nafanya kazi za njia ya reli, naomba niwasogezee mfano mnaoukanyaga kila siku. Treni ya SGR kona zake zimelazwa. Reli ya nje ya kona inanyanyuliwa kuliko ya ndani, na kiasi cha kunyanyua kinahesabiwa kwa mwendo utakaopitwa pale. Ukipita kwa mwendo uleule, kikombe kinatulia. Ukipita taratibu mno, mlalo umezidi kona, unaelemea ndani. Ukipita kasi mno, kona imezidi mlalo, unaelemea nje.

Nikisoma maelezo ya #10 naona ni kitu kilekile. Kuna kulala kuliko kunavyopinda, na kuna kupinda kuliko kulivyolala.

#25 Futi_Elfu_Nne

Kaka umenisaidia kueleza nilichotaka kukileta. Ndivyo hasa. Ndege ikilala kuliko inavyopinda, gololi inaanguka ndani: inateleza ndani. Ikipinda kuliko ilivyolala, kwa sababu mguu umekanyaga pedali ya ndani kupita kiasi, gololi inakimbilia nje: inaserereka nje.

Naomba wote mlisome hili taratibu. Makosa haya mawili hayana uzito sawa. Kuteleza ndani mara nyingine ni ufundi. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 kwa sababu hesabu ya mafuta ilichanganya ratili na kilo. Kapteni Robert Pearson alikuwa mzoefu wa vitelezi. Alipofika karibu na uwanja wa zamani wa Gimli yuko juu mno, akailaza ndege upande mmoja na kukanyaga pedali ya upande wa pili, ikaenda ubavu ukitangulia, ikapoteza urefu bila kuongeza mwendo. Walitua, hakufa mtu.

Kuserereka nje karibu na ardhi kunaua. Unageuka kuingia kwenye mstari wa kutua, upepo uko mgongoni, unaona umepitiliza. Unaogopa kulala zaidi kwa kuwa ardhi iko karibu, kwa hiyo unakanyaga pedali ya ndani ili pua isogee. Bawa la nje linakimbia zaidi, linapanda, ndege inataka kulala zaidi, unaizuia kwa stelingi upande wa pili. Pua inashuka, unaivuta. Sasa bawa la ndani liko kwenye ukingo. Likiishiwa nguvu ya kuinua, ndege inapinduka upande wake na kuzunguka kama pia, na mita 150 hazitoshi kuitoa humo. Mwalimu wangu alinionyesha hali hiyo tukiwa juu sana, makusudi. Sekunde moja naona upeo wa macho, inayofuata naona mashamba ya mtama yanazunguka kwenye kioo cha mbele. Mikono ilitetemeka hadi tulipotua.

#26 Kibaigwa_Mahindi

Pole mkuu. Kwa hiyo bawa la ndani linakufa kwa sababu liko na mwendo mdogo?

#27 Futi_Elfu_Nne

Kwa sehemu. Lakini ukizuia ndege isilale, eleroni ya bawa la ndani ndiyo inayoshuka, na hiyo inaliongezea pembe dhidi ya hewa. Bawa haliishiwi kwa mwendo, linaishiwa kwa pembe.

#28 Injinia_Nkuhungu

Msisahau kwamba ndege ikienda ubavu ukitangulia, mwili wake unazuia hewa ya bawa lililo nyuma yake. Katika kuserereka nje, bawa hilo ni la ndani. Mimi naona hilo lina mchango mkubwa.

#29 Futi_Elfu_Nne

Kwa ndege yenye mabawa juu ya paa sidhani kama ni kubwa hivyo. Mwalimu wangu anashikilia ni eleroni.

#30 Mwana_Ntyuka

Na hapa kwetu juu mlimani kuna tofauti na Dar? Au hewa ni hewa?

#31 Ticha_Kikuyu

Ipo tofauti. Uwanja wetu uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto la nyuzi 30 hewa inakuwa nyepesi, injini na bawa vinafanya kazi kana kwamba uko futi 6,000 na kitu. Kipimo cha mwendo kinamwonyesha rubani namba ileile aliyoizoea pwani, lakini ndege inakimbia kweli kwa kama asilimia 10 zaidi ya namba hiyo. Duara la kona linakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwa mlalo uleule kona inapanuka kwa karibu moja ya tano kuliko namba hiyo ingekuambia. Aliyezoea Dar akija hapa saa nane mchana atapitiliza mstari wake. Unganisha hilo na #25.

#32 Futi_Elfu_Nne

Ticha hilo nimelinakili kwenye daftari langu. Asante.

#33 Dereva_Sekenke

Nimesoma wote kimya. Kwenye basi hatuna gololi, tuna abiria. Wakianza kushika viti vya mbele najua kona imenishinda kipimo. Swali langu: ndege kubwa, rubani naye anakanyaga pedali kila kona?

#34 Injinia_Nkuhungu

Kwenye ndege kubwa kuna kifaa kinachocheza usukani wa mkia chenyewe, miguu inapumzika sehemu kubwa ya safari. Ndiyo maana chupa ya #1 ilitulia vile. Hatuwezi kumsifu rubani kwa hilo, ni mashine.

#35 Ticha_Kikuyu

Kifaa kinasaidia, lakini hata bila hicho chupa ingetulia karibu vilevile. Ndege ina mkia uliosimama, inajielekeza kama bendera kwenye upepo. Kona ikishatulia hakuna kazi kubwa ya kufanya, ubishi wote uko kwenye kuingia na kutoka.

#36 Bob_wa_Chang'ombe

Kuna rubani Mmarekani, Bob Hoover, alikuwa anamimina chai ya baridi kwenye glasi huku ndege inapinduka duara zima, kichwa chini miguu juu, na tone halimwagiki. Sasa hapo alikuwa analala na kona ya wapi?

#37 Ticha_Kikuyu

Ileile. Chai haijui mbingu iko wapi, inajua tu sakafu inavyoisukuma.

#38 Zuzu_Stesheni

Wakuu nimerudi na matokeo. Jana nilisafiri na treni, nikafunga nati kwenye uzi nikaushika karibu na dirisha. Kona za kule Kilosa kwenye milima, treni ikiwa na mwendo wake, uzi ulining'inia sambamba na ukingo wa dirisha. Lakini mahali fulani tulipunguza mwendo mno tukiwa bado kwenye kona, na nati ikasogea taratibu kuelekea upande wa ndani, kama upana wa vidole viwili. Kile ndicho #10 alichokiona kwenye bomba lake.

#39 Injinia_Nkuhungu

Kazi nzuri. Ila una uhakika mkono wako haukuegemea? Ungefunga uzi kwenye kulabu ya koti.

#40 Zuzu_Stesheni

Nitarudia kwa kulabu. Vidole viwili mkono hauwezi kudanganya, lakini nitarudia.

#41 Mwana_Ntyuka

Mimi narudi Dar Ijumaa, nitakuwa na uzi na nati. Safari hii nitatazama ile dakika ya kuingia kwenye kona, maana nimeelewa ndipo ubishi ulipo.

#42 Mama_Dagaa_Majengo

Leo saa kumi nimeacha meza na mjukuu, nikamtazama mwewe mmoja kwa makusudi hadi shingo ikauma. Alikuwa anazunguka juu ya paa la soko, mkia unacheza kidogokidogo kila mara hata akiwa hajapiga bawa. Alipotaka kushuka, nimeona mkia umepinda kwanza, bawa likafuata. Nimeona hivyo mara tatu. Mjukuu anasema vilikwenda pamoja.

#43 Futi_Elfu_Nne

Mama, mjukuu ana simu inayopiga video ya taratibu? Kama mkia unatangulia kweli, basi anakanyaga pedali kabla ya kulala, na mimi nimefundishwa vyote viwili vianze kwa pamoja.

#44 Mama_Dagaa_Majengo

Anayo. Kesho dagaa zikianikwa tu watakuja, tutampiga.